Milango Miwili ya Mbiu

Wiki niliyorudisha ufunguo wa ofisi, Mwende aliniomba niwaandikie nyinyi mnaobaki kwa nini Mbiu ina milango miwili. Anasema kila kijana anayeajiriwa huuliza hilo siku yake ya pili. Siku ya kwanza huuliza choo kiko wapi. Nimekubali kuandika, ingawa jibu fupi ni kwamba mlango wa kwanza niliujenga nikiwa sijui kitu, na wa pili nikadhani sasa najua. Jibu refu ndilo hili.

Vyeo nitaviruka. Nilipata viwili, na kimoja kilitokana na mwenzangu kuhamia Nairobi ghafla.

Nilitoka Kasikeu nikafika Makindu nikiwa fundi wa redio. Ofisi ilikuwa pale pale ilipo leo, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na vumbi la saruji lilipanda ngazi kabla yetu kila asubuhi. Mkuu wangu alikuwa Bwana Kilonzo, ambaye wengi wenu hamkumkuta. Alikuwa fundi umeme aliyeunda kwa mikono yake masanduku ya kuendesha pampu za visima virefu vya sola: chuma nje, saketi ndani, swichi ubavuni. Siku yangu ya kwanza nilikuja na tai. Kilonzo aliitazama kwa muda, kisha akaniuliza, "Na hii ni ya kufungia nini?" Kufikia chakula cha mchana ilikuwa imefunga mabomba nyuma ya pikapu, na ilifanya kazi hiyo vizuri kuliko ilivyowahi kufanya shingoni mwangu.

Safari yetu ya kwanza ya mbali ilikuwa Tseikuru. Huko kaskazini mwa Kitui watu ni wafugaji, na kisima chenye pampu ni jambo la ng'ombe kwanza, watu baadaye. Tulikuta pampu imeungua. Pampu ya kisimani hupozwa na maji yale yale inayoyavuta. Maji yakishuka chini yake, inavuta hewa, inakohoa, inapata joto, inakufa. Wazee wa kamati ya kisima walitukalisha chini wakauliza swali moja tu: ilianza kuumwa lini? Kilonzo hakuwa na jibu. Mimi nilikuwa na majibu mengi, na nilianza kuyatoa, mpaka akanikanyaga mguu.

Tukiwa njiani kurudi alisema, "Sanduku liliona yote. Shida ni kwamba hatukuliwekea mdomo." Tulipopita Mwingi akaongeza, "Wewe unapenda kuongea. Litengenezee."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kuandika programu, kwa kitabu kilichotumika na kompyuta iliyozimika kila mara jirani alipowasha mashine ya kuchomelea. Nilichotengeneza nilikiita Mbiu. Jina nililitoa kwenye methali ya mbiu ya mgambo, kwamba ikilia ina jambo. Methali haisemi chochote kuhusu siku ambayo mbiu haikulia, na laiti ningelitambua hilo mapema.

Mbiu ni maktaba ya kuandika logi, yaani kipande cha programu ambacho programu nyingine hukitumia kuweka kumbukumbu za matukio. Kwa yeyote atakayesoma haya bila kuwa fundi: programu ndani ya sanduku ina sehemu nyingi, moja inapima kina cha maji, nyingine joto la pampu, nyingine nguvu ya sola. Kila sehemu ikiona jambo humwambia mwandishi wa Mbiu. Mwandishi hulihifadhi, na likiwa la hatari hulituma kama meseji kwenye simu ya mlinzi wa kisima. Ni hayo tu. Nimefanya kazi hiyo maisha yangu yote na mke wangu bado huwaambia watu kwamba natengeneza simu.

Katika mlango wa kwanza, yaani njia ya kwanza ya kumfikia mwandishi, sehemu iliyotaka kusema iliandika mstari mmoja juu kabisa ya faili yake, ikaita Mbiu kwa jina, na Mbiu ikaipa mwandishi papo hapo. Haikukabidhiwa na mtu, ilijichukulia. Na ikishampata mwandishi, imefungwa naye mpaka sanduku lizimwe. Waliosoma huuita mfungo huo static. Mimi niliuita urahisi. Niliweka pia adabu moja ambayo niliionea fahari: mwandishi akikosekana kwa sababu yoyote, Mbiu isiangushe programu nzima kwa ajili ya maneno tu. Itoe mwandishi bubu, anayepokea kila kitu kwa upole na kutofanya lolote. Nilisema mbele ya watu kwamba maktaba ya logi inapaswa kuwa mgeni mwema. Mnaweza kuona kisa kinakoelekea. Mimi sikuona kwa miaka mingi.

Kuna jambo la Tseikuru ambalo lazima mlijue, maana halimo popote katika msimbo wa programu. Baada ya pampu ile kuungua, Kilonzo kwanza aliliacha sanduku lizime pampu mpya lenyewe maji yakishuka. Ng'ombe wakiwa wamepanga foleni, maji yakakatika, na wafugaji wakaamini kuna mtu Makindu anayewafungia. Kilonzo akampa mlinzi swichi. Hapo ikasemwa mlinzi huzima shemeji zake wakishanywesha. Kamati ikakaa ikatoa kanuni: sanduku lisizime, Makindu wasizime, na mlinzi asizime kwa akili yake. Sanduku litasema kwa meseji, mlinzi ataisoma kwa sauti mbele ya foleni, ndipo azime. Bila meseji, hakuna anayegusa swichi. Tukaondoa uwezo wetu wa kuzima kutoka mbali, na Kilonzo akaapa mbele yao kwamba ameuondoa. Nimeona kanuni nyingi za programu tangu wakati huo, na chache zimefuatwa kama ile.

Kilonzo alistaafu, akaenda kulima, na tulimzika mwaka wa mvua nzuri. Mbiu ikaenea katika visima vyetu vyote vya Kitui na Makueni, na mimi nikawa mzee wa ofisi bila kuombwa.

Kisha akaja Mwende, na wiki yake ya kwanza akavuta kiti karibu na changu.

"Mzee, hii Mbiu kila mtu anajichukulia tu?"

"Ndiyo."

"Kama chumvi mezani?"

"Kama chumvi."

"Sasa mimi nikitaka kujaribu sehemu moja peke yake, chumvi yako inamwagika kila mahali. Nimejaribu kipimo cha joto hapa ofisini, kumbe nimetuma meseji ya hatari kwa mlinzi huko Kibwezi. Amenipigia akilia."

Nilimwambia hilo hutokea. Akaniuliza linatokea tangu lini. Nikamwambia tangu mwanzo. Alinitazama kama Kilonzo alivyoitazama tai.

Alichotaka yeye kinaitwa dependency injection. Kwa muda mrefu nilisikia jina hilo nikadhani ni mambo ya zahanati, na nilikuwa nikitikisa kichwa kwa heshima. Maana yake ni kwamba sehemu isijichukulie mwandishi. Kuwe na mkusanyaji mmoja ndani ya programu, anayeamka sanduku likiwashwa, anamuunda mwandishi kwa mipangilio anayotaka, kisha anazijenga sehemu zote na kuikabidhi kila moja mwandishi wake mlangoni. Ukitaka kujaribu, unaikabidhi mwandishi wa bandia, na mlinzi wa Kibwezi anakunywa chai yake kwa amani.

Alinielewesha siku tulipokwenda kula mchana kwenye hekalu la Masingasinga, pale ambapo wasafiri wa barabara ya Mombasa hulishwa bila kuulizwa wanakotoka. Tumekaa chini mstarini, mtu anapita na ndoo ya dengu.

"Angalia, Mzee. Umeingia jikoni?"

"Hapana."

"Unajua sufuria iko wapi?"

"Sijui."

"Na unakula. Ndiyo hiyo sasa."

Nilitafuna chapati nikitafuta shimo katika hoja yake, kwa sababu nilikuwa na umri wa kuhitaji kushinda. "Na aliyekaa kabla mwenye ndoo hajatoka jikoni?"

"Si anangoja?"

"Anangoja na sahani tupu."

"Mzee, kula."

Tulirudi ofisini tukakubaliana, au tuseme nilisisitiza mpaka akachoka. Yeye alitaka mlango wa kale ufungwe na kila kitu kiandikwe upya. Nilisema hatuwezi kuwafukuza wa zamani, kwa kuwa sehemu za zamani zimo katika kila sanduku, zinafanya kazi, na aliyeziandika bado yuko hai.

"Wa zamani ni nani hasa?" akauliza.

"Ni mimi."

"Basi tuache milango miwili," akasema, kwa sauti ya mtu anayemkubalia baba yake kuendesha gari mara ya mwisho.

Kazi ya kuunganisha milango nikajipa mwenyewe. Nilifanya hivi: mlango wa kale ukiitwa, umuulize mkusanyaji, "Mwandishi yuko?" na umpe mwitaji mwandishi yule yule anayekabidhiwa sehemu mpya. Mwandishi mmoja, njia mbili za kumfikia. Nilijaribu mlango wa kale peke yake, ukafanya kazi. Nikajaribu mpya peke yake, ukafanya kazi. Niliinunulia ofisi nzima mandazi. Kuijaribu nyumba ikiwa na milango yote miwili, ikiamka kutoka usingizini kama inavyoamka kisimani, hilo halikunijia. Tseikuru ndiko tulikotuma toleo hilo kwanza, kwa sababu ndilo sanduku letu la zamani kuliko yote, nami nilitaka kumwonyesha Mwende kwamba mkongwe anaweza.

Kiangazi kilikuwa kimeanza. Kawaida wakati huo Tseikuru hulia kila mara: kina kinashuka, zima, ngoja, washa. Mlinzi wake ni Mama Kavindu, mwenye mbuzi wake mwenyewe wanaotegemea kisima hicho, na kwa miaka alikuwa akinipigia kulalamika kwamba simu yake haina adabu. Baada ya toleo jipya, kimya. Siku zikapita, kimya. Niliangalia logi zilizofika Makindu: sola nzuri, mtandao mzuri, kila kitu kizuri. Nikahitimisha kwamba kuunganisha milango kumetibu kisima.

Naandika hilo tena kwa faida ya wale wanaosoma haraka: niliamini kwamba kubadilisha namna programu inavyompata mwandishi kumepandisha maji ardhini.

Na sikuishia kuamini. Jumapili moja mchungaji aliuliza kama kuna mwenye ushuhuda, nami nikasimama, nikafunga kifungo cha koti, nikasema kwamba Tseikuru palikuwa pakilia kila kiangazi, ila tangu tuweke kazi mpya ya mikono yetu, kimya, Bwana asifiwe. Kanisa likaitika amina. Mwende, ambaye huimba sauti ya pili katika kwaya, hakuitika. Alikuwa na uso wa mtu aliyekumbuka kwamba ameacha maharagwe motoni. Tangu siku ile mchungaji akiuliza mwenye ushuhuda, mimi huanza kukagua kitabu cha nyimbo.

Nje ya kanisa Mama Ndanu, jirani yangu, alinishika mkono. "Muthiani, umenibariki. Lakini dada yangu ameolewa huko Tseikuru, na tumeongea jana. Anasema maji yanatoka kama chai ya maziwa."

"Kama chai?"

"Na pampu inakohoa kutwa nzima. Labda ni vumbi?"

Mwende alikuwa ameshafika, bado na joho la kwaya. "Mzee, kipimo cha kina cha maji ni sehemu ya zamani ama mpya?"

"Ya zamani."

"Inaingia mlango gani?"

"Wangu."

"Na inaamka lini? Kabla ya mkusanyaji ama baada?"

Nilianza kutembea kuelekea ofisini, na baada ya hatua chache nikagundua ninakimbia, jambo ambalo waumini walilitazama kwa hamu.

Ilikuwa hivi, na hamhitaji kompyuta kuielewa. Sehemu za zamani huita Mbiu mara tu faili zao zinapofunguliwa, yaani mapema kabisa, mkusanyaji akiwa bado hajaamka. Mlango wa kale ukamuuliza mkusanyaji kama mwandishi yuko. Hapakuwa na mkusanyaji wa kujibu. Ndipo adabu yangu ikafanya kazi yake. Mbiu ikawapa wote mwandishi bubu, kwa upole, nao wakafungwa naye. Mwandishi wa kweli alipoamka muda mfupi baadaye, hakuna aliyegeuka kumtazama. Sehemu mpya zikasema kwamba sola ni nzuri. Kipimo cha maji kikapiga kelele za hatari wiki nzima sikioni mwa bubu.

Nikampigia Mama Kavindu. Alikuwa chini ya mnara wa tangi, mahali pekee pale penye mtandao, na nyuma yake nilisikia ng'ombe.

"Habari ya huko, mwaitu?" Hivyo ndivyo Wakamba tunavyomwita mwanamke wa kuheshimiwa kama mama, hata akiwa rika lako.

"Ni nzuri tu. Ng'ombe ni wengi, kesho ni mnada."

"Pampu inakohoa?"

"Inakohoa. Lakini haijasema kitu."

"Nani hajasema?"

"Mashine yako. Simu imenyamaza tangu mlete ile mpya. Nimelala vizuri, Mungu awabariki."

"Mama Kavindu, zima pampu sasa hivi."

"Meseji iko wapi?"

"Haitakuja. Nimeiziba mashine mdomo."

"Umeiziba kwa nini?"

"Si kwa kupenda."

Nikamsikia akiwaeleza watu wa foleni kwa Kikamba kwamba yule mzee wa Makindu anasema pampu izimwe. Kicheko kilinifikia vizuri sana. Mtandao wa Tseikuru huwa mzuri ukiwa hauutaki. Sauti ya mwanamume ikasema jambo.

"Wanasema uje uzime wewe mwenyewe," akaniambia.

"Tseikuru ni mbali, mwaitu."

"Wanajua. Ndiyo maana wamesema."

Nikamwomba akate. Nikaandika meseji kwa simu yangu, kwa maneno yale yale ya sanduku: Hatari, pampu inavuta hewa, zima. Nikampigia tena.

"Nimewasomea," akasema. "Wanauliza namba ni ya nani."

"Ni yangu."

"Basi wamekataa. Wanasema hiyo ni ya mtu, na mtu anaweza kuwa na shemeji kwa foleni." Akashusha sauti. "Muthiani, sikiza. Nikizima bila meseji, kesho si mimi mlinzi. Na isipozimwa ikiungua, pia nitaulizwa mimi. Fanya kitu."

Nilijua kitakachofuata pampu ikiungua. Mpya haifiki kwa wiki nyingi, na kutoka pale maji mengine ya uhakika ni Mto Tana. Ng'ombe wazima hufika. Ndama hawafiki wote, na mbuzi wa Mama Kavindu wangekuwa nyuma ya ndama.

Mwende, aliyenifuata ofisini, alikuwa ameshafungua msimbo. Nilimwambia nina dawa ya haraka: tumuamshe mkusanyaji mapema zaidi, kabla ya faili za zamani. Niliandika mistari minne kwa kujiamini.

"Na kesho mtu akiongeza faili nyingine inayoamka mapema zaidi?" akasema bila kunitazama. "Utamuamsha mkusanyaji jana?"

Nikafuta mistari minne. Kisha nikamuuliza alinijibu nini siku ile ya dengu, nilipouliza kuhusu aliyekaa kabla ya ndoo.

"Nilisema si anangoja."

"Basi na angoje. Tusimpe bubu."

Hapo ndipo ulipozaliwa mlango mliourithi. Wa kale ukiitwa sasa haumtoi mwandishi. Unatoa mjumbe. Mkusanyaji akiwa hajaamka, mjumbe hapuuzi kitu. Anayashika maneno yote mkononi. Mwandishi akifika, mjumbe anamkabidhi aliyoyashika, na kuanzia hapo kila neno jipya linapita kwake moja kwa moja. Sehemu ya zamani inabaki imefungwa na mjumbe maisha yake yote, wala haijui kwamba nyuma yake mtu amebadilika. Aliyejichukulia na aliyekabidhiwa wanafika kwa mwandishi mmoja.

Niliandika toleo la kwanza mimi, nikalisukuma upande wa Mwende. Alilisoma akashika kichwa.

"Mzee, umepanga kama sahani. Ya mwisho kuingia inatoka kwanza."

"Si yote yanatoka?"

"Yanatoka kinyume. Mama Kavindu atawasomea kwamba pampu inavuta hewa, halafu kwamba maji yanapungua, halafu kwamba sanduku limeamka na kila kitu kiko sawa. Wataenda kunywesha."

Nilimpisha kiti. Akageuza, wa kwanza kuingia awe wa kwanza kutoka, na akaweka kikomo ili mjumbe asishike maneno mpaka kumbukumbu ijae. Kisha akafanya jambo ambalo mimi sikulifanya: akaliamsha sanduku la mfano la mezani kutoka usingizini kabisa, milango yote miwili ikiwa ndani, mara nyingi, akilizima kwa kung'oa waya. Kila mara simu yangu ililia, kwa mpangilio. Sijawahi kufurahia kusumbuliwa kama alasiri ile.

Tukalituma toleo Tseikuru. Mtandao ambao ulikuwa umebeba kicheko bila shida sasa ulibeba faili kama mtu mwenye gunia mgongoni anayepumzika kila mti.

Wakati linapanda, niseme nililoombwa kusema. Nasikia baadhi yenu mnataka kuufunga mlango wa kale, na hoja zenu ni nzuri. Ni zile zile za Mwende, na yeye alikuwa sahihi. Ufungeni siku sehemu ya mwisho ya zamani itakapoandikwa upya. Kabla ya hapo, jueni kwamba kila anayeingia kwa mlango ule anaamini kuna mtu anamsikiliza. Na logi ikinyamaza kiangazi, msitoe mandazi. Pigeni simu muulize maji yana rangi gani.

Nilikuwa nimempigia Mama Kavindu tena na kumwomba asikate. Aliiweka simu juu ya msingi wa mnara wa tangi, nikawa nasikiliza foleni ya Tseikuru nikiwa nimevaa suti Makindu: kengele za ng'ombe, mtu akimtukana punda, na pampu. Ilikohoa kavu, ikanyamaza, ikakohoa tena kwa muda mrefu zaidi. Mwende aliinamia kompyuta midomo ikicheza. Sikumuuliza kama anaomba au anahesabu.

"Limefika," akasema. "Linaamka."

Tukasubiri. Pampu ikakohoa. Nikaanza kufikiri maneno ya kuiambia kamati, na nikakuta ninayo mengi, kama siku ile ya kwanza, yote bila maana.

Kisha nikasikia mlio wa simu ya Mama Kavindu ndani ya simu yangu. Mlio mmoja, halafu mwingine, halafu wa tatu. Akaichukua. Alisoma polepole kwa ile sauti yake ya kusomea foleni, ambayo sikuwahi kuisikia kwa masikio yangu kabla ya hapo: sanduku limeamka. Kina cha maji kimeshuka. Hatari, pampu inavuta hewa, zima.

Yule mwanamume niliyemsikia awali akauliza, na safari hii alikuwa karibu kiasi kwamba nilimsikia kila neno.

"Hiyo ni mashine, ama ni yule mzee?"

"Ni mashine," akasema Mama Kavindu.

"Una hakika si mzee?"

"Angalia namba mwenyewe."

Akachukua muda kuangalia. Pampu ilikohoa mara moja, kavu kabisa.

"Basi zima," akasema, na nikasikia swichi.